Meli za Mabati Bapa na Mafuta ya Normandy

Ukiitazama Chant, meli ndogo ya mafuta iliyoundwa Uingereza mwaka 1944, utadhani ni sanduku lililotiwa injini. Urefu wake ni futi 148 na upana futi 27, na mabati yake yote ni bapa, hata pale ambapo meli nyingine hupinda kuelekea omo na tezi. Aliyezoea kuona mafundi wakishurutisha mbao zifuate mbavu za jahazi ataiita kasoro. Nadhani ubapa huo ndio uliokuwa ustadi wenyewe, kwa sababu chombo hupimwa kwa safari kilichoundiwa.

Kupinda bati nene la chuma kunataka tanuri, mashine na mikono iliyozoea, na vyote vitatu vilikuwa vimeshikwa na kazi nyingine za vita. Bati bapa hukatwa na karakana yoyote ya chuma. Basi viwanda vingi vilitengeneza vipande, na kwenye viwanda vya kuundia meli kikabaki kibarua cha kuvipanga na kuvichomelea. Gharama ya njia hii ililipwa baharini: omo lisilo laini husukuma maji badala ya kuyapasua, na Chant ilikwenda takriban fundo saba na nusu tu. Katika bahari kuu mwendo huo ni hasara. Kuvuka mlango wa bahari kutoka Uingereza hadi Normandy, Ufaransa, safari ya maili mia hivi, tofauti yake ni saa chache, ilhali uundaji wa haraka uliokoa majuma.

Kuna watakaosema kwamba mafuta ya uvamizi wa Washirika huko Normandy yalipita kwenye PLUTO, mabomba yaliyolazwa chini ya bahari. Mabomba hayo yalikuja kusukuma mafuta mengi, lakini wanajeshi walitua Juni 1944, na bomba la kufika Cherbourg halikuanza kutoa huduma mpaka Septemba. Miezi ya katikati ilitegemea madebe na meli. Meli kubwa zilitia nanga nje na kusukuma mafuta kwa mipira hadi nchi kavu. Meli ndogo ziliweza kungoja maji yajae na kuingia katika bandari ya wavuvi kama Port-en-Bessin.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba baadhi ya Chant zilipinduka. Hilo halikanushiki, na muundo wake unaonyesha ilipo hatari. Ziliwekewa ukuta na sakafu ya pili ndani ili mafuta yasimwagike meli ikitobolewa, lakini sakafu ya pili huinua shehena juu ya mkuku. Tena mafuta yasiyojaza tangi hukimbilia upande ulioinama, na kuinama kukazidi. Katika chombo chembamba, mpangilio wa kumwaga tangi lipi kwanza ni suala la uhai.

Hata hivyo, hatari hiyo haitokani na ubapa. Baadhi ya maungo ya aina hiyohiyo yalimaliziwa kuwa meli za shehena kavu, na baada ya vita Chant nyingi zilibadilishwa hivyo na wamiliki wa Ulaya, zikafanya biashara ya mwambao kwa miaka mingi. Kilichohitaji hadhari kubwa kilikuwa kimiminika ndani yake. Sanduku lenyewe lilistahimili.