Nani Anadaiwa? Uhakiki wa Mfano wa Mtumwa Asiyesamehe

Katika tarafa yetu ya Gishubi, mfano wa mtumwa asiyesamehe husomwa mara nyingi sana. Uko katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, kuanzia aya ya 21. Husomwa katika ibada za upatanisho, matangani, na hata ndugu wanapogombea shamba. Katika insha hii nauhakiki kama tunavyohakiki hadithi yoyote darasani: wahusika ni nani, matukio yamepangwaje, na msikilizaji anawekwa upande wa nani. Hoja yangu ni kwamba mahubiri mengi niliyoyasikia humpa mtu aliyeumizwa nafasi ya mhusika asiyefanana naye, na hivyo kumwongezea jeraha badala ya kumponya.

Kwanza msuko. Mfalme anafanya hesabu na watumwa wake. Mmoja anadaiwa talanta elfu kumi, anapiga magoti, anaomba muda, na mfalme anamwachilia deni lote. Akiisha kutoka, anamkuta mwenzake anayemdai dinari mia moja. Anamkaba koo, na ijapokuwa mwenzake anapiga magoti vilevile, anamtia gerezani. Watumwa wengine wanasikitika, wanampasha mfalme habari, na yule wa kwanza anakabidhiwa kwa watesaji.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Deni la kwanza basi ni ujira wa siku milioni 60, ambao hakuna mtu angeweza kuulipa. Deni la pili ni ujira wa siku 100. Wahubiri husisitiza tofauti hiyo ili waseme deni la pili ni dogo. Ni dogo likilinganishwa na lile la kwanza, lakini kwa mtu anayeishi kwa jembe, siku 100 za kazi ni msimu mzima wa kilimo. Msimulizi angeweza kutaja dinari moja, lakini ametaja mia. Hakutaka tuone kwamba mwenzetu hakutukosea kitu.

Sasa tuangalie mahubiri. Mtu aliyepoteza watu wake katika vita vilivyoanza Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, huambiwa: usiposamehe leo, utatiwa mikononi mwa watesaji kama yule mtumwa. Ni kweli kwamba imani yetu inafundisha kuwa kila mtu ni mdeni mbele za Mungu, na silipingi fundisho hilo. Lakini ndani ya hadithi yule mtumwa anaadhibiwa kwa tendo: amepokea rehema kisha akamkaba koo mnyonge. Mjane ambaye bado analia hajamkaba mtu koo. Kumtisha kwa adhabu ya mkatili ni kusoma vibaya, na kwa mtu ambaye usiku bado anaota moto, vitisho si dawa.

Jambo la pili linaloachwa ni hesabu. Mfalme hasamehi kabla deni halijatajwa kiasi chake, na wadeni wote wawili wanalikiri. Lugha yenyewe inatusaidia hapa. Kwa Kiswahili twasamehe deni kama tunavyosamehe kosa, na kwa Kirundi neno guharira nalo hubeba maana ya kuacha kile unachodai. Mtu hawezi kuacha kudai kitu ambacho amekatazwa kukitaja. Anayesema "samehe, yaliyopita yamepita" kabla maneno hayajasemwa anafuta daftari lisilo lake.

Tena mfano huu haukuanza peke yake. Aya ya 15 hadi 17 za sura hiyohiyo zinaeleza utaratibu: umwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu, asiposikia uchukue shahidi mmoja au wawili, kisha ulipeleke jambo mbele ya kanisa. Na ndani ya mfano wamo wale watumwa waliosikitika na kusema walichokiona. Sijapata kusikia mahubiri yanayowahusu, ingawa bila wao mfungwa angesahaulika gerezani. Katika nchi ambayo majirani wengi waliona na wakanyamaza, hao ndio wahusika tunaowahitaji zaidi.

Hapa mkoani Gitega kuna waliofuata njia hiyo. Huko Kibimba, Oktoba 1993, makumi ya wanafunzi walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta, na leo kuna mnara wa kumbukumbu kando ya barabara. Kutoka katika kanisa la Marafiki, yaani Wakwekeri, ambao walifika Kibimba mwaka 1934, ilizaliwa kamati ya amani ya Wahutu na Watutsi. Baadaye, kuanzia 2003, mpango wa HROC uliotokana na Wakwekeri uliwakusanya watu wa pande mbili kwa siku tatu. Huanza kwa kueleza majeraha ya moyo, hufuata kuomboleza waliopotea, kisha huchorwa mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana. Hakuna anayedaiwa msamaha siku ya kwanza. Nauona huo kuwa usomaji bora wa Mathayo 18 kuliko mahubiri mengi.

Msomaji atanipinga kwa kutaja msalaba. Yesu aliwaombea msamaha waliomuua, na hawakuwa wamekiri. Atataja pia seminari ya Buta, ambako tarehe 30 Aprili 1997 vijana 40 waliuawa baada ya kukataa kujitenga Wahutu huku na Watutsi kule. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walikufa wakiwaombea wauaji. Pingamizi hilo ni zito, nami sitaki kulipunguza. Lakini msamaha wa Buta ulitoka kinywani mwa waliopigwa risasi. Hakuna aliyeutoa kwa niaba yao, wala aliyewashurutisha. Ni zawadi, na zawadi ikigeuzwa kuwa kodi inapoteza jina lake.

Linabaki swali ambalo mfano haulijibu: itakuwaje pale ambapo mdeni hajulikani? Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu 6,032 yalipatikana katika makaburi ya halaiki huko Karusi, kati ya Gitega na Muyinga. Kwa familia nyingi hakuna atakayekuja kupiga magoti. Hapo, kwa maoni yangu, kanisa linaweza kuanza na kazi ya wale watumwa waliosikitika: kutaja majina, kukaa na waliofiwa, na kutowaharakisha.

Kwa wenzangu watakaofundisha au kuhubiri sura hii, ninapendekeza jambo dogo. Msianzie aya ya 21. Anzieni ya 15, na mkifika kwenye watesaji, muulizeni msikilizaji kama kweli yeye ndiye aliyemkaba mwenzake koo.