Nusu Sentimita

Ukishuka pale Tazara, Dar es Salaam, unazungukwa na kazi kubwa. Juu yako ni Daraja la Mfugale, lililofunguliwa Septemba 2018 na kupewa jina la mhandisi wetu, Patrick Mfugale. Pembeni ni stesheni ya reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975: kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na mahandaki 22 yaliyotoboa milima. Navipenda vyote. Lakini kazi ya chini ya ardhi ninayoivulia kofia iko mbele kidogo, kwenye vichochoro vya Vingunguti, nayo ni bomba la inchi nne.

Wenyeji wanajua nina maana gani. Masika yakianza, watu walitapisha vyoo usiku, na uchafu ukateremka kuelekea Mto Msimbazi. Gari la kunyonya majitaka halipiti uchochoroni, kwa hiyo waliitwa vyura, vijana wa kuingia shimoni na ndoo. Na muda wote huo mabwawa ya majitaka ya jiji yalikuwa papo hapo Vingunguti! Kilichokosekana ni njia ya kutoka chooni hadi bwawani.

Njia hiyo ilianza kuchimbwa pale shirika la CCI na shirikisho la wakazi maskini wa mijini walipoleta mfumo wa mabomba membamba, unaofanana na ule ulioanzia Natal, Brazili, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtaro ni wa kina kifupi, unapita nyuma ya majiko, na chemba ndogo zinajengwa kwenye kona.

Pampu hakuna. Kila kitu kinategemea mwinamo: nusu sentimita kwa kila mita moja. Ukipunguza, kinyesi kinalala njiani na bomba linaziba. Ukizidisha, mtaro unazidi kuzama, na kabla hujamaliza mtaa unachimba ndani ya maji. Kosa lenye unene wa kidole linatosha kuharibu vyoo vya majirani kumi.

Nimemtazama fundi akikwepa kosa hilo. Vifaa vyake ni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kamba na penseli. Msaidizi anashika ncha moja ukutani, yeye nyingine; wanangoja maji yatulie pande zote mbili, bila kusema neno. Anaweka alama, anashuka mtaroni, anakwangua mchanga kwa kiganja, anapima tena. Mara tatu, mahali pale pale. Watoto wanaruka mtaro, kuku anapita, yeye hainui kichwa.

Kisha anafunua chemba ya mwisho, anapiga magoti.

"Mama, mwaga!"

Huko juu, ndoo moja inamiminwa. Fundi ameinamisha sikio. Uchochoro mzima umenyamaza. Halafu maji yanaingia chembani, taratibu, yakisukuma mbele yake kipande cha karatasi.

"Ongeza nyingine, mama."