Kalamu Ndani ya Sanduku

Miezi ya mwisho ya 1944, katika kambi ya wanawake ya Ravensbrück kaskazini mwa Berlin, mfungwa mmoja alijikunyata ndani ya sanduku la mizigo, akaandika. Nje, wenzake walikuwa wakipakua mali iliyoporwa na Wanazi, jicho moja kazini, jingine kwa walinzi. Karatasi na kalamu wao ndio waliomtafutia.

Aliyekuwa sandukuni ni Germaine Tillion, mtafiti wa Kifaransa aliyeishi miaka mingi katika milima ya Aurès, Algeria, akisoma mila na desturi za wenyeji. Ufaransa ilipovamiwa aliingia katika upinzani wa siri. Mwaka 1942 alisalitiwa akakamatwa, na Oktoba 1943 akapelekwa Ravensbrück, kwenye kazi za shokoa.

Alichoandika ni mchezo wa nyimbo. Mtaalamu wa viumbe anahutubia juu ya kiumbe kipya aitwaye Verfügbar, yaani mfungwa asiye na kikosi, ambaye hukamatwa kwa kazi yoyote ile. Kwaya ya wafungwa inamkatiza na kumsahihisha. Utazame ufundi wake: maneno ni mapya, lakini mahadhi ni ya nyimbo ambazo wenzake walikwishazijua tangu nyumbani. Daftari likinyang'anywa, wimbo unabaki kichwani. Na maneno yenyewe yanamweleza mfungwa jinsi kambi inavyomla, kwa sababu Tillion aliamini kuwa anayeielewa hatari ana nguvu kidogo zaidi ya kuikabili.

Machi 1945 mama yake, Émilie, naye pia mfungwa, aliuawa humo humo kambini. Mwezi uliofuata Msalaba Mwekundu wa Sweden ukamtoa Germaine. Alitoka na majina ya wakuu wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, ameyaficha ndani ya maandishi ya mapishi. Wanawake wenye njaa walikuwa wakipeana mapishi kila siku, kwa hiyo mlinzi angeona chakula tu. Alitoka pia na filamu ambayo haijasafishwa, yenye picha za miguu ya wasichana wa Kipolandi waliopasuliwa na madaktari kwa majaribio. Daftari la mchezo lilitolewa na mwenzake.

Alipofika Sweden hakungoja apone. Alianza kuwahoji walionusurika: nani aliletwa lini, na nani, nani hakurudi. Kitabu chake juu ya Ravensbrück kilitoka 1946. Ushahidi ulipoongezeka akakiandika upya, kikatoka 1973; akakiandika tena, kikatoka 1988. Mtu aliyefiwa na mama mahali pale angeweza kusema yaliyompata yanatosha kuwa ushahidi. Yeye aliyapima, akayalinganisha na ya wenzake, akasahihisha palipopungua. Mchezo wake uliimbwa jukwaani Paris mwaka 2007, miaka 63 baada ya sanduku lile, naye mwenyewe akiwa bado hai.