Hofu ya Mauti na Hakika ya Wokovu: Uhakiki wa Mvuko wa Mto katika The Pilgrim's Progress ya John Bunyan

1.0 Utangulizi

Swali linalomsumbua Mkristo mzee anapokaribia kufa mara nyingi halihusu kuwapo kwa Mungu wala kuwapo kwa mbingu. Ni swali finyu na chungu zaidi: je, yeye mwenyewe atapokelewa? Mtu aliyeishika imani kwa miaka mingi aweza kuikiri yote bila kusita, kisha akatetemeka mbele ya swali hilo moja. Naye anayemtembelea kitandani hujikuta njia panda. Akimwambia kwamba mwenye imani haogopi, amemtwisha mzigo wa pili, kwa kuwa mgonjwa sasa anaogopa kifo na pia anaogopa hofu yake mwenyewe. Akimwambia kwamba hakuna la kuogopa, amelipuuza jambo ambalo mafundisho ya imani hiyo hiyo yamelifanya kuwa zito.

Makala haya yanahakiki jinsi John Bunyan (1628–1688) anavyolishughulikia swali hilo katika The Pilgrim's Progress, kazi iliyotolewa kwa sehemu mbili, mwaka 1678 na mwaka 1684, na ambayo imefasiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Majina ya wahusika yanatolewa hapa kwa kufuata maana zake. Hoja kuu ni kwamba Sehemu ya Pili inairekebisha Sehemu ya Kwanza katika jambo mahususi: inaacha kuifanya imani anayoihisi mtu saa ya kufa kuwa kipimo cha usalama wake, na inaihamishia hakika ya wokovu katika wito wa Mfalme na katika kazi ya wasafiri wenzake. Marekebisho hayo yakipuuzwa, kitabu kilichoandikwa kuwafariji waoga hugeuka kuwa fimbo ya kuwachapia.

2.0 Usuli wa Tatizo

Bunyan hakulizua tatizo hili. Vitabu vya karne ya 15 vya kumwandaa mtu kufa vyema vilikwisha kukitaja kukata tamaa kuwa miongoni mwa majaribu matano ya kitanda cha mauti. Mwaka 1519 Martin Luther aliandika hotuba ya kumwandaa mtu kufa, akimwelekeza aitazame dhambi na mauti ndani ya Kristo badala ya kuzitazama ndani ya nafsi yake. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulikana kwamba mtu aweza kujua kwa uhakika wa imani usiokosea kuwa amekwisha kupata neema ya Mungu. Waprotestanti, kwa upande wao, waliifanya hakika hiyo kuwa faraja kuu ya mwamini, lakini kwa kufanya hivyo walifungua mlango wa wasiwasi mpya: ikiwa mwamini aweza kuwa na hakika, basi asiye nayo ni nani?

Nchini Uingereza wasiwasi huo ulikolezwa na mafundisho ya uteule. William Perkins (1558–1602) aliandika juu ya mnyororo wa wokovu unaoanzia katika uteule wa Mungu, na mwaka 1595 akatoa kitabu cha kumfariji mgonjwa anayekufa. Ungamo la Imani la Westminster la miaka ya 1640, katika sura ya 18, lilijaribu kupunguza ukali wa tatizo kwa kueleza kwamba hakika isiyokosea si sehemu ya kiini cha imani, na kwamba mwamini wa kweli aweza kuingoja muda mrefu na kupambana na magumu mengi kabla ya kuipata. Bunyan mwenyewe aliyapitia mapambano hayo na kuyasimulia katika Grace Abounding (1666), akiwa gerezani Bedford, alikofungwa tangu 1660 hadi 1672 kwa sababu ya kuhubiri kwake. Kwa hiyo The Pilgrim's Progress ni kazi ya mtu aliyeijua hofu hiyo kwa ndani.

3.0 Sehemu ya Kwanza: Kina cha Maji na Kipimo cha Imani

Katika Sehemu ya Kwanza hakika ya wokovu imepewa umbo la kitu. Mkristo anapofika msalabani anapewa hati ya kukunja, ambayo msimulizi anaieleza kuwa ni thibitisho la uhai wake na la kupokelewa kwake mwisho wa safari. Anaipoteza kwa kulala njiani, analia, anairudia na kuipata. Msomaji angetarajia kwamba mtu mwenye hati kifuani atauvuka mto wa mauti bila taabu. Haiwi hivyo. Mtoni Mkristo anazama, anaingiwa na giza, anasahau neema alizokwisha kuzionja, na anaamini kwamba wanaongojwa ng'ambo ni wengine, si yeye. Hati ipo, faraja haipo. Anayemwokoa ni Mwenye Tumaini, ambaye kazi yake ya kwanza ni ya mwili: anakishikilia kichwa cha mwenzake kisizame. Maneno ya faraja yanakwenda sambamba na mikono, na mojawapo ya mafundisho yake ni kwamba dhiki ya majini si ishara ya kuachwa na Mungu.

Hata hivyo Sehemu hii ina kauli inayoikwaza faraja hiyo. Kabla ya kuingia majini wasafiri wanaambiwa kwamba mto utakuwa wa kina kirefu au kifupi kwa kadiri ya imani yao kwa Mfalme wa mahali pale. Kauli hii ikichukuliwa peke yake, taabu ya kufa inakuwa hukumu juu ya imani ya anayekufa. Hofu ya mzee inakuwa ushahidi dhidi yake.

Bunyan anaukatiza mkondo huo wa fikra kwa tukio la mwisho. Mhusika Ujinga, ambaye safari nzima hakujitilia shaka, anavushwa kwa mashua ya Tumaini la Bure, bila hata nusu ya taabu waliyoipata wale wawili. Anafika mlangoni, anaulizwa cheti, anapapasa kifuani na hapati kitu, kisha anatupwa. Mpangilio wa matukio hayo mawili ni hoja ya kifasihi: aliyetaabika ameingia, aliyevuka kwa utulivu amekataliwa. Utulivu wa saa ya kufa hauthibitishi wokovu, wala hofu haiukanushi. Lakini hoja hiyo inamsaidia mzee nusu tu. Imemwondolea ushahidi dhidi yake, ila haijampa la kushika. Na msomaji mwenye wasiwasi aweza kufunga kitabu akijiona kuwa yeye ndiye Ujinga.

4.0 Sehemu ya Pili: Habari za Mwenye Hofu

Wahakiki wengi wameiona Sehemu ya Pili kuwa dhaifu kuliko ya kwanza, kwa sababu safari ya mke wa Mkristo na wenzake ina ulinzi mwingi na hatari chache. Kwa swali linalohakikiwa hapa, ulinzi huo ndio maana yenyewe ya kazi. Wanaosafiri sasa ni wanawake, watoto, wazee, vilema na wenye mioyo mizito, na kiongozi wao, Moyo Mkuu, amewahi kuwaongoza wengine wa aina hiyo.

Miongoni mwao alikuwa Mwenye Hofu, ambaye habari zake Moyo Mkuu anazisimulia akizungumza na mzee Mnyofu. Mtu huyo alikaa kando ya tope la kukata tamaa zaidi ya mwezi mmoja. Alipofika kwenye nyumba ya Mfasiri alisimama nje kwenye baridi usiku, akiogopa kubisha hodi, ingawa alikuwa na barua kifuani ya kumwomba mwenye nyumba ampokee. Picha hii inarudia ile ya Mkristo majini akiwa na hati yake. Kwa mara ya pili Bunyan anatenganisha kuwa na uthibitisho na kuuhisi uthibitisho.

Jambo la maana zaidi ni lile ambalo Mwenye Hofu hakuliogopa. Hakutishwa na simba wala na mlima, na katika soko la ubatili alikuwa tayari kupigana na watu wote. Hofu yake ilikuwa moja: kama atakubaliwa mwishowe. Kwa hiyo Bunyan anaitofautisha na ukosefu wa ujasiri, na anaonesha kwamba yaweza kukaa ndani ya mtu aliye hodari katika mengine yote. Naye alipofika mtoni, akiamini kwamba atazama milele, maji yalikuwa yamepungua kuliko Moyo Mkuu alivyowahi kuyaona. Alivuka miguu ikilowa tu.

Hapa kanuni ya Sehemu ya Kwanza imevunjwa. Kama kina kingefuata kadiri ya imani inayohisiwa, Mwenye Hofu angekuta bahari. Kinyume chake Mnyofu, mtu imara, anaukuta mto umefurika hadi kuzidi kingo, na anahitaji mkono wa Dhamiri Njema ili avuke. Yaweza kudaiwa kwamba Mwenye Hofu alikuwa na imani kubwa iliyofichika chini ya hofu. Dai hilo haliungwi mkono na matini, ambayo inayaeleza maji kuwa jambo la kustaajabisha na si malipo ya sifa yoyote ya mvukaji. Mto unapimwa na anayemjua mwenye kuuvuka.

Tena, masimulizi hayo yana athari ndani ya hadithi yenyewe. Mke wa Mkristo anakiri kwamba yamemfaa, kwa kuwa alidhani hakuna mwingine aliye kama yeye. Faraja inaanza pale mwenye hofu anapojua kwamba hofu yake ina historia, na kwamba wengine wameivuka nayo.

5.0 Barua za Mfalme na Alama za Uzee

Mwishoni wasafiri wanakaa karibu na mto wakingoja, na tarishi analeta wito kwa kila mmoja kwa zamu yake. Kila barua ina alama ya kuthibitisha kwamba ni ya kweli. Mke wa Mkristo anapewa mshale uliochongwa kwa upendo. Wanaofuata wanapewa alama zilizotwaliwa kutoka sura ya 12 ya kitabu cha Mhubiri, sura ambayo kwa muda mrefu imefasiriwa kuwa picha ya mwili unaozeeka. Kwa Mchechemeaji ni bakuli la dhahabu lililovunjika na kamba ya fedha iliyolegea. Kwa Akili Dhaifu ni madirisha yaliyotiwa giza, yaani macho. Kwa Mkata Tamaa ni panzi aliyekuwa mzigo. Kwa Mnyofu ni kunyamazishwa kwa binti za muziki.

Uteuzi huu ndio kilele cha sanaa ya faraja katika kitabu kizima. Macho kufifia, sauti kuisha na wepesi kuwa mzito ni mambo ambayo mzee huyasoma kama dalili za kuachwa. Bunyan anayafanya kuwa muhuri wa barua. Mzee hatakiwi kuchimbua moyoni mwake ili apate uthibitisho. Ameubeba mwilini, hata asipoweza kuuhisi kama faraja. Barua ya Mkata Tamaa, zaidi ya hayo, inamwita aje kushangilia kuokolewa kwake katika mashaka yote. Mashaka yanaondolewa kwa kuitikia wito, na hayakuwa kikwazo cha kuitwa.

6.0 Mipaka ya Faraja na Suala la Lugha

Uhakiki wa haki hauna budi kuitaja mipaka. Kwanza, faraja hii imeandikiwa walio njiani tayari. Kwa aliye nje ya lango, kitabu kina onyo tu. Pili, mbinu ya kumwita mhusika kwa udhaifu wake inamfungia humo: Mkata Tamaa hana jina jingine la kuitiwa hadi anapoufikia mto, ingawa yeye na binti yake, Hofu Nyingi, wanausia kwamba hofu zao zisipokewe na mtu yeyote. Tatu, binti huyo anavuka akiimba, lakini hakuna aliyeelewa alichoimba. Matini inanyamaza mahali ambapo msomaji angetamani kusikia. Unyamavu huo waweza kuonekana kuwa upungufu, ila una uaminifu wake: walio ukingoni hawana njia ya kuyapata mang'amuzi ya anayevuka, na Bunyan hajifanyi kuwa nayo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna suala la ziada. Jina la Mwenye Hofu laweza kufasiriwa kwa woga, ambao ni aibu, kwa hofu, au kwa kicho, ambacho katika kumcha Mungu ni sifa njema. Mfasiri anayechagua woga amekwisha kumhukumu mhusika ambaye Moyo Mkuu anakataa kumhukumu. Kwa upande mwingine, neno hakika linamfaa Bunyan vizuri. Katika Kiswahili mtu husema ana hakika, na vilevile husema jambo fulani ni hakika. Kwa hiyo lugha yenyewe inaruhusu kusemwa kwamba wokovu wa mtu ni hakika hata saa ambayo yeye hana hakika nao. Hilo ndilo linalotendeka mtoni.

7.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba The Pilgrim's Progress haimfariji mwenye hofu kwa kumtaka aache kuogopa. Sehemu ya Kwanza inatenganisha utulivu na wokovu kwa kuwaweka Mkristo na Ujinga katika mto mmoja, lakini inabakiza kanuni inayoweza kumhukumu anayetaabika. Sehemu ya Pili inaivunja kanuni hiyo kwa maji yaliyopungua mbele ya Mwenye Hofu, na inautoa uthibitisho moyoni mwa anayekufa na kuutia katika barua aliyoandikiwa na katika mikono ya waliomsindikiza. Tokeo lake kwa usomaji wa kichungaji ni bayana. Anayeketi kando ya mzee mwenye hofu hana kazi ya kuupima moyo wake. Kazi yake ni ile ya Mwenye Tumaini: kukishikilia kichwa kisizame, na kusema kwa niaba ya mwenzake lile ambalo mwenzake kwa saa hiyo hawezi kulisema.