Mkuki wa Wangoni na Vichaka vya Umakonde

Mkuki wa kurusha una udhaifu wake: ukishauachia, umebaki mikono mitupu na adui ana silaha ya kuokota. Shaka, mfalme wa Wazulu, aliwazoesha askari wake kuushika na kutouachia. Kichwa cha mkuki kilikuwa kirefu na kipana, mpini mfupi, na mpiganaji hakuwa na budi kumsogelea adui hadi ngao zigusane. Hapo ngao ya ngozi ya ng'ombe nayo ilifanya kazi ya silaha. Inasimuliwa kwamba Shaka alikuwa akipachika ukingo wa kushoto wa ngao yake nyuma ya ngao ya adui na kuivuta kwa nguvu. Adui akayumba, ubavu wake wa kushoto ukabaki wazi mbele ya mkuki uliokuwa tayari mkono wa kulia.

Ujuzi huo uliingia kusini mwa Tanzania kwa miguu. Kundi la Wangoni lililoongozwa na Zwangendaba lilitoka kusini, likavuka mto Zambezi mwaka 1835 na kufika hadi Ufipa. Kiongozi huyo alipofariki, watu wake waligawanyika, na baadhi yao wakaishia Songea. Kila walipopita waliteka watu, na vijana wa mateka wakaingizwa vikosini pamoja na rika lao. Ndiyo maana majeshi ya Wangoni yaliyotisha nchi za Ruvuma yalijaa watu waliozaliwa huku huku. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko umbo la mkuki wenyewe. Kijana hakufundishwa mkuki peke yake. Alifundishwa kukimbia safari ndefu, kutii amri, kubanana bega kwa bega na wenzake, na kujua wakati ambao pembe za jeshi huzunguka huku kifua kikimkabili adui.

Wengine walijifunza kwa kupigwa. Wasangu waliiga silaha na mpangilio wa Wangoni, na Wahehe wakajifunza kutoka kwa Wasangu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, naye akauawa. Bunduki zilihitaji nafasi na muda wa kujipanga. Wahehe walitoka vichakani na kuingia katikati ya msafara kabla haujapata hata kimojawapo.

Masasi ilikutana na mkuki huo ikiwa haina kinga. Ni nchi ya tambarare yenye vilima vya mawe, na watu waliotumwa na misheni ya UMCA walikuwa wameanzisha hapo, mwaka 1876, makazi ya watumwa waliokombolewa. Septemba 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia. Nyumba zilichomwa, watu wakachukuliwa mateka. Baada ya hapo misheni ilihamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao.

Kwa nini Newala? Kwa sababu iko juu ya uwanda wa Umakonde, nchi ya vichaka. Mwaka 1866 Livingstone alipita pembezoni mwa nchi hii akitokea Mikindani, na ikambidi awaajiri Wamakonde wamkatie njia ili ngamia wake wapite. Miaka arobaini baadaye Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Newala mwaka 1906 na bado akavikuta vichaka vinene visivyopenyeka.

Mweke humo mpiganaji aliyefundwa Songea. Ngao yake inanasa kwenye matawi. Safu iliyozoea kubanana inageuka mstari wa mtu mmoja mmoja, na pembe za jeshi hazina pa kuzungukia. Mkuki mfupi unataka umwone adui na umfikie. Kichakani anayekuona ni mwenyeji, na mshale au risasi ya gobore humpata wa mbele huku walio nyuma yake hawana la kufanya. Kila alichofundishwa kilitaka uwanja wazi, na Wamakonde hawakumpa uwanja.

Inaniudhi kusikia Wamakonde wakitajwa kama watu waliojificha tu. Hiyo ilikuwa mbinu ya vita, na ilidai kazi. Kichaka kiliachwa kisimame mahali ambapo pangefaa shamba. Vijia vilibaki vyembamba na vya kupindapinda, hata kwa mwenyeji mwenye mzigo kichwani. Vijiji vilikuwa vidogo na vilikaa mbalimbali, hivyo aliyebahatika kukipata kimoja hakuwa amewapata wote.

Palikuwa na pengo moja ambalo kichaka hakikuweza kuliziba. Juu ya uwanda hakuna mito. Maji yalichotwa mabondeni, na wanawake walishuka na kupanda mteremko huo siku zote, vita iwepo isiwepo. Mvamizi mwenye subira hakuwa na haja ya kupanda na ngao yake hadi vichakani. Angeweza kungoja chini, penye maji.