Mathias Mnyampala: Elimu ya Wazee Katika Utumishi

Wahakiki wetu wamezoea kumtaja marehemu Mathias Mnyampala (1917–1969) kuwa bingwa wa ngonjera, kisha wakaishia hapo. Yafaa tumtazame pia kama mtumishi. Mzaliwa huyu wa Ugogo alipata kuwa mwalimu, karani, liwali, na hatimaye hakimu. Kazi zilibadilika, na serikali nayo ikabadilika ulipopatikana Uhuru mwaka 1961. Lakini elimu aliyoichota kwa wazee wake hakuitupa.

Ushahidi ni kitabu chake cha mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Wako wanaokiona kuwa ghala la mambo ya kale tu. Hao hawajapata kuketi barazani. Katika Ugogo ng'ombe wa mahari hutolewa na ndugu wengi, wa kuumeni na wa kukeni, nao hugawiwa ndugu wengi vilevile. Ndoa ikivunjika, wanaodaiana si watu wawili. Hakimu asiyelijua hilo hukata shauri upesi na kuacha uadui nyuma yake. Kwa mtu wa kazi ile, mila ilikuwa chombo cha kazi, sawa na kalamu na daftari. (Tena aliiandika kwa Kiswahili, si kwa Kigogo: alitaka jirani naye aijue.)

Ndiyo maana nazisoma kwa jicho jingine Ngonjera za UKUTA, zilizochapishwa mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake. Husemwa kuwa zimetokana na malumbano ya washairi. Sikatai, ila mimi nasikia ndani yake sauti ya baraza pia: wawili wabishana mbele ya watu, kila mmoja kwa zamu yake, hata shauri likatike.

Kasoro nayo haina budi kutajwa, hasa kwa waigaji wake waliojaa mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika ngonjera zao mpinzani huletwa ili ashindwe. Hupewa ujinga badala ya hoja, na ubeti wa mwisho humkuta amekwisha kusadiki. Baraza la wazee halikuwa hivyo. Mdai alipewa nafasi ya kuwataja ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa rangi na kwa mama zao, hata kama wazee walikwisha kuona kuwa hana haki. Mwalimu anayewatungisha wanafunzi ngonjera na aanze na beti za huyo atakayeshindwa.