"Vita Vitakatifu" vya Utah: Uhakiki wa Jina

Jina likikaa sana juu ya kitu, watu husahau kuuliza kama linakifaa. Katika jimbo la Utah, nchini Marekani, liko jina la namna hiyo. Vyuo vikuu viwili vya jimbo hilo, Chuo Kikuu cha Utah kilichoko Salt Lake City, na Chuo Kikuu cha Brigham Young kilichoko Provo, mwendo wa kilomita 70 hivi upande wa kusini, hushindana katika kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao mpira wake hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu. Mashindano hayo huitwa "Vita Vitakatifu". Kusudi la uhakiki huu ni kulipima jina hilo kwa historia ya vyuo vyenyewe, na kuonyesha kwamba, ingawa linasisimua, linapotosha.

Jina lina maneno mawili, na kila moja lina dai lake. La kwanza ladai kuwa wapo maadui wawili. La pili ladai kuwa uadui wao ni wa dini. Kwa mtazamo wa nje dai la dini lina msingi. Chuo cha Provo ni mali ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake wamejulikana kwa muda mrefu kwa jina la Wamormoni, na karibu wanafunzi wake wote ni wa kanisa hilo. Sheria za chuo hukataza pombe, tumbaku, kahawa na ndevu. Timu yake haichezi siku ya Jumapili. Na wachezaji wengi hukatiza masomo kwa miaka miwili ili wakahubiri dini ugenini. Chuo cha Salt Lake City ni cha serikali ya jimbo, nacho hupokea mtu wa kila imani na asiye na imani. Mgeni akiambiwa hayo tu, ataona kuwa jina limesema kweli: huku watakatifu, kule watu wa dunia. Msomaji wa Kiswahili ataung'amua mzaha wake upesi zaidi, kwani shina la neno "vitakatifu" ndilo lililomo katika jina la kanisa lenyewe.

Lakini historia haikubali mgawanyo huo. Waumini hao walifika katika bonde la Salt Lake mwaka wa 1847, chini ya uongozi wa Brigham Young, wakikimbia mateso waliyoyapata mashariki. Mwaka wa 1850, kabla Utah haijawa jimbo, walianzisha Chuo Kikuu cha Deseret. Neno Deseret limetoka katika kitabu chao kitakatifu, na baraza la kwanza la chuo lilipangwa na Young mwenyewe. Chuo hicho ndicho kiitwacho leo Chuo Kikuu cha Utah. Miaka 25 baadaye, mwaka wa 1875, Young huyo huyo alianzisha huko Provo shule ambayo mwaka wa 1903 ilipata cheo cha chuo kikuu. Basi chuo kinachosemwa kuwa cha dunia ni kifungua mimba cha watakatifu, na chuo cha watakatifu ni mdogo wake. Hawa ni ndugu wa baba mmoja.

Kilichowatenga ni majibu ya swali moja: jamii ya waumini ikichanganyika na watu wengine, iilinde imani yake kwa ua, au iiache ikae sokoni pamoja na imani nyingine? Provo ilijibu kwa ua, Salt Lake City kwa soko. Kila jibu lina fahari yake na hofu yake. Wa Provo huona fahari ya nidhamu, na huogopa kudharauliwa kama watu wa ajabu. Wa Salt Lake City huona fahari ya uhuru, na wengi wao huogopa kuishi kama wageni katika jimbo ambalo kanisa moja lina nguvu nyingi. Hofu hizo mbili ndizo zinazojaza viwanja.

Ugomvi wa ndugu huonekana hata katika hesabu. Wa Salt Lake City huanza kuhesabu mashindano mwaka wa 1896. Wa Provo huanza mwaka wa 1922, wakisema kuwa michezo sita ya kwanza ilichezwa na shule, si chuo kikuu. Katika michezo hiyo sita kila upande ulishinda mitatu. Mwaka wa 1922 Utah ilishinda kwa pointi 49 kwa sifuri, na Provo haikuonja ushindi hadi mwaka wa 1942. Kisha alikuja mwalimu LaVell Edwards, ambaye kati ya mwaka wa 1972 na 2000 aliishinda Utah mara 22 akashindwa mara 7.

Hapa ndipo dai la utakatifu linapojaribiwa. Mwaka wa 2007, timu ya Provo iliposhinda kwa pointi 17 kwa 10 baada ya kukaribia kushindwa, mchezaji wake mmoja alieleza kuwa mtu akitenda mema ndani na nje ya uwanja, Bwana huwa na sehemu katika jambo lake. Maneno hayo yaliwachoma wengi, na si vigumu kuona sababu. Timu ya Utah nayo ilikuwa na waumini wa kanisa lile lile, waliosali sala zile zile. Tena, kama ushindi ni ushahidi wa wema, ni nani aliyewaacha wa Provo waliposhindwa mara tisa mfululizo, tangu mwaka wa 2010 hadi 2019? Hakuna aliyedai katika miaka hiyo kwamba imani yao imeharibika. Basi hata wanaolitumia jina hawalifuati hadi mwisho wake.

Dai la uadui nalo huangushwa na maisha ya watu. Kyle Whittingham aliichezea Provo chini ya Edwards, kisha akaifundisha Utah kama mwalimu mkuu tangu mwaka wa 2005 hadi 2025. Kalani Sitake, mzaliwa wa Tonga, aliichezea Provo, akafundisha ulinzi wa Utah, akarudi Provo kuwa mwalimu mkuu mwaka wa 2016. Vitani mtu wa namna hiyo huitwa msaliti. Hapa huitwa mwalimu.

Yaweza kusemwa kuwa jina ni mzaha tu. Lakini mzaha huu una wanaouumia. Mwanafunzi mwumini wa Salt Lake City huwekwa na jina hilo katika jeshi la wasio watakatifu. Mwenzake wa Provo mwenye mashaka hufanywa askari wa imani asiyoimaliza kuitafuta. Mwaka wa 2009 mchezaji mmoja wa Provo alitamka hadharani kuwa anakichukia chuo cha pili na kila kilicho chake. Kesho yake aliomba radhi. Ulimi wake ulikuwa umeliamini jina.

Kiswahili kina neno linalokifaa kitu hiki zaidi: utani. Magazeti ya Afrika Mashariki huziita Simba na Yanga watani wa jadi, wala hakuna anayedhani kuwa zinapigana. Mtani humkejeli mtani wake bila kushtakiwa, kwa sababu undugu umetangulia kejeli, na siku ya msiba huyo huyo hufika kusaidia. Uhuru wake una mpaka, na mpaka huo ndio unaokosekana katika neno "vita". Vyuo hivi, ambavyo tangu mwaka wa 2024 vimo tena katika ligi moja, vitaendelea kukutana. Kejeli zao hazihitaji kukomeshwa. Zahitaji jina linalokumbuka kuwa wanaokejeliana walitoka nyumba moja.